Mizani Haijui Kilo Mpaka Ifundishwe

Katika masoko ya Arua na Koboko, Nile Magharibi nchini Uganda, gunia la karanga au ufuta hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni. Popote linapouzwa kwa kilo, neno la mizani ndilo linaloamua malipo. Hivyo basi, mkulima na mama wa nyumbani hawana budi kujua neno hilo linapatikanaje.

Mizani ya springi haioni kilo hata moja. Huvutwa na mzigo, na springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa. Kanuni hiyo ilielezwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678. Katika mizani ya umeme, kipande cha chuma hupindika kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na badiliko hilo hutolewa kama tarakimu. Ili tarakimu hiyo iwe kilo, sharti kwanza ilinganishwe na jiwe la mizani ambalo uzito wake unajulikana.

Mathalani, mizani tupu yatoa 400. Likiwekwa jiwe la kilo 10 yatoa 8,400. Tofauti ni 8,000, yaani 800 kwa kila kilo. Gunia likitoa 32,400, huondolewa zile 400 za mizani tupu. 32,000 zilizobaki zikigawanywa kwa 800, jibu ni kilo 40.

Mshale ukianzia kilo mbili nyuma ya sifuri, kila gunia hupunjwa kilo mbili. Katika magunia 20 mkulima hupoteza kilo 40, yaani gunia zima, bila mtu yeyote kuiba kwa mkono. Hata mizani inayoanzia sifuri yaweza kukosea mzigo unapoongezeka, kwa sababu ya springi iliyochoka au kutu. Kwa hiyo hupimwa mara mbili: ikiwa tupu, na ikiwa na uzito unaojulikana.

Kuhakiki mizani za biashara nchini humo ni kazi ya Shirika la Taifa la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Lakini hata nyumbani maji husaidia, kwani lita moja ina uzito wa karibu kilo moja. Ndoo ipimwe tupu, kisha imiminiwe lita 10 kwa chombo chenye alama ya lita. Mizani isipopanda karibu kilo 10, isitumiwe mpaka irekebishwe.

Muuzaji mwaminifu hatachukia kuombwa aonyeshe mshale kabla mzigo haujapandishwa.