Tuipange Pikipiki Kabla ya Kuipakia

Aghalabu asubuhi, pikipiki moja huonekana ikiwateremsha wanafunzi watatu, pengine wanne, langoni mwa shule. Kiti kimerefushwa na keria ya chuma imechomelewa nyuma. Fundi amekwisha lipwa, mwenye chombo ameridhika, na hakuna aulizaye iwapo gurudumu la mbele bado linaishika barabara ipasavyo.

Sina ugomvi na ubunifu wa mafundi wetu. Kuibadilisha pikipiki ili ilingane na safari ni desturi ya wengi duniani. Honda ilipoanza kuuza Gold Wing GL1000 ya mwaka 1975, pikipiki hiyo haikuwa na kikinga upepo wala masanduku ya mizigo. Waendeshaji wa Marekani waliipenda kwa safari ndefu, wakajifungia wenyewe vifaa vya Craig Vetter na vya watengenezaji wengineo. Honda nayo ikajifunza kwa wateja wake: mwaka 1980 ikatoa GL1100 Interstate, iliyotoka kiwandani na kikinga upepo pamoja na masanduku ya pembeni yanayoondoleka.

Neno la kuzingatia hapo ni "yanayoondoleka". Msafiri afikapo huyachukua masanduku yake, na chombo kikaurudia wepesi wake. Wapo hata wanaokiondoa kiti cha abiria, wakafunga cha mtu mmoja, na nafasi iliyobaki wakaiachia mzigo. Mtu huyo ameamua mapema: chombo chake kitabeba mzigo au kitabeba abiria, hakitabeba vyote viwili.

Sababu yake hufundishwa darasani. Mzigo uliowekwa juu hukiinua kitovu cha uzani. Uliopita ekseli ya nyuma hulipunguzia uzito gurudumu la mbele, usukani ukayumba. Ndiyo maana vitu vizito hupangwa chini, karibu na katikati, kulia kukilingana na kushoto.

Sheria yetu ya trafiki huruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Kiti kilichorefushwa, basi, ni mwaliko wa kuivunja, na wanaoitikia mwaliko huo ni watoto wasio na kauli katika safari yao.

Rai yangu ni mbili. Kwanza, mafundi wazifunge keria kwa bolti badala ya kuzichomelea, ili ziondolewe zisipohitajika, na waache kurefusha viti. Pili, walimu wa fizikia waiazime pikipiki kwa kipindi kimoja. Gurudumu la mbele liwekwe juu ya mizani, la nyuma juu ya ubao wa kimo hicho hicho, kisha gunia la mahindi lipandishwe nyuma ya ekseli huku chombo kikishikiliwa wima. Mwanafunzi atakayeuona mshale wa mizani ukishuka hatahitaji hotuba nyingine. Kesho yake, akiitwa akae wa tatu, atajua kwa nini yafaa atembee.