Michezo darasani si mzaha: Tuwafunze wauguzi Kiingereza cha kazi

MWAKA 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Muda si muda, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Wengi walipigwa na butwaa. Kwani hawa si watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza?

Sababu zaweza kuwa nyingi, ila ipo moja inayotuhusu sisi walimu wa lugha. Kuijua lugha ni jambo moja. Kuitumia ipasavyo, na mtu fulani katika hali fulani, ni jambo jingine. Mwanaisimu Mmarekani, Dell Hymes, aliuita uwezo huu umilisi wa mawasiliano. Muuguzi anaweza kuandika insha safi kuhusu shinikizo la damu, kisha ashindwe kumweleza mgonjwa mwenye hofu bila kutaja 'hypertension'. Na bibi kizee Mwingereza akimwambia kuwa anataka 'to spend a penny', huenda akamtafutia mkoba, kumbe mwenzake anaomba kupelekwa msalani!

Mtihani wa OET, ambao ni miongoni mwa ile inayokubaliwa Uingereza kwa wauguzi, unalizingatia suala hili. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa hupewa kadi yenye maelezo ya kisa na dakika tatu za kujiandaa. Kisha huigiza kwa takriban dakika tano: yeye ni muuguzi, na anayezungumza naye ni mgonjwa au jamaa yake. Hufanya hivyo mara mbili. Ikiwa sehemu ya mtihani wenyewe ni maigizo, iweje tumwandae mwanafunzi kwa kumsomea orodha ya msamiati?

Hebu tutazame michezo mitatu inayowezekana hata katika darasa lenye wanafunzi wengi.

Wa kwanza ni wa kadi mbili. Wanafunzi wawili huketi wakipeana mgongo. Mmoja ana fomu ya mgonjwa yenye mapengo; mwenzake ana habari zinazokosekana: dawa, kipimo, saa. Lazima waulizane hadi fomu ijae. Hapa ndipo watakapogundua jinsi 'fifteen' na 'fifty' zinavyokaribiana masikioni, na kwa nini ni salama zaidi kuitamka kila tarakimu peke yake, kisha msikilizaji airudie.

Wa pili ni wa mgonjwa msumbufu. Kadi ya mgonjwa ina siri: mathalani, ameacha kumeza dawa kwa sababu zinamtia kizunguzungu, lakini asiseme hadi aulizwe kwa upole. Muuguzi haruhusiwi kutumia istilahi yoyote ya kitabibu.

Wa tatu ni wa kupokezana zamu. Mwanafunzi wa kwanza anampa wa pili ripoti ya mgonjwa, wa pili anampa wa tatu, hadi wa tano. Wafuate hatua nne: hali ilivyo sasa, historia ya mgonjwa, tathmini, na pendekezo. Mwishowe darasa lihesabu habari zilizopotea njiani. Wanafunzi watacheka, kisha watanyamaza watakapogundua kwamba kilichopotea ni mzio wa penisilini.

Hata hivyo, si kila mchezo hufunza. Kukisia maneno ubaoni huchangamsha darasa, lakini hakuna muuguzi anayefanya hivyo wodini. Mchezo wenye manufaa una mambo mawili: pengo la habari ambalo ni lugha pekee inayoweza kuliziba, na kazi inayofanana na ile inayomsubiri mwanafunzi. Mwalimu naye asikatize mazungumzo kila kosa linapotokea. Ayaandike makosa kando, ayajadili baadaye, kisha wanafunzi wabadilishane nafasi na kurudia. Marudio hayo ndiyo somo lenyewe.

Wapo wahadhiri wanaoona kwamba watu wazima wa chuo hawafai kucheza. Lakini wanafunzi hao hao hujifunza kudunga sindano kwa sanamu kabla ya kumgusa mtu. Lugha nayo inahitaji sanamu yake. Mcheza kwao hutunzwa. Basi tuwaache wakosee hapa darasani, ambapo kosa la 'fifteen' na 'fifty' halimdhuru mtu yeyote.