Robine yenye kudondoka: mpira mdogo, kazi ya nusu saa



Hivi karibuni tulitembelea koperative moja ya wakulima wa mboga, upande wa mto Lukuga hapa Kalemie. Tulienda juu ya mbegu, lakini mazungumzo iliishia kwenye robine. Bornfonteni yao ilikuwa inadondoka usiku na mchana. Kila mtu aliyepita aliikaza kwa nguvu zaidi, mpaka mkono wa robine ukavunjika, na sasa ilikuwa imefungwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Chini yake kulikuwa matope, bata watatu, na lengalenga nzuri sana. Mama mmoja akatuambia: "Maji haipotee, wandugu. Lengalenga inakunywa."

Tulicheka, sababu alikuwa na haki kidogo. Kisha tukaomba chupa ya nusu lita, tukaiweka chini ya robine, tukaendelea na habari ya mbegu. Chupa ilijaa kwa dakika 25. Tukafanya hesabu pamoja mbele ya komite: ni lita 1 na kidogo kwa saa, karibu lita 29 kwa siku moja. Kwa mwezi inafika lita 860, ndiyo kusema bidoni 43 za lita 20. Lengalenga ile haikunywi bidoni 43. Jaribuni chupa ile kwenu pia, halafu muzidishe na bei ya bidoni. Musingoje fakture iwaambie: kontere nyingi hazioni tone dogo namna hii, zinaanza kuhesabu wakati maji inakimbia zaidi.

Lakini si makuta ndiyo ilitusumbua zaidi. Koperative ile ilikuwa imekwisha kupata shida mara moja mbele. Robine yao ya kwanza ilianza hivyo hivyo, kwa tone. Waliikaza, wakaikaza tena, mpaka siku moja ikakataa kufunga kabisa. Ikabidi wakate maji na kutafuta robine mpya, na makuta haikuwa katika kasha. Siku tano bornfonteni ilikaa imefungwa. Kwa siku zile tano akina mama na watoto walichota ziwani. Hapa kwetu Kalemie hakuna mtu wa kufundishwa hiyo inamaanisha nini. Watu wa afya wanahesabu miji ya kando ya ziwa, Kalemie na Uvira, kati ya mahali penye kolera haipite tu kama mgeni, inakaa. Katika majuma yale nyumba mbili za wanamemba zilipeleka wagonjwa kwenye kituo cha kolera. Hatuwezi kuapa kwamba ni maji ya siku zile tano. Ila hakuna mtu pale anayetaka kuijaribu tena.

Basi tuangalie kwa nini robine inadondoka. Ndani ya robine ya kawaida, ile ya kuzungusha, kuko mti mmoja wa shaba unaopanda na kushuka. Kwenye ncha yake kuko mpira mdogo wa mviringo. Unapofunga, mpira unashuka na kukaa juu ya tundu ambamo maji inapita. Tundu lile tunaita kiti. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na unapasuka, na maji inapata njia. Mtu akikaza kwa nguvu, mpira mgumu unasagika, kisha shaba inaanza kugusana na shaba, na mchanga wenye kuja na maji unakata kiti. Hapo ndipo kitu cha makuta kidogo kinageuka kitu cha makuta mingi. Kwa hiyo neno letu la kwanza: robine ikidondoka, usiongeze nguvu. Badilisha mpira.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza funga vana, ile iliyo kwenye tiyo mbele ya robine. Kama hakuna vana, ngojeni saa zile ambazo maji imekatika, nanyi munazijua vizuri kuliko sisi, lakini kuweni na mtu na bidoni tayari, sababu maji inaweza kurudi bila kupiga hodi. Na siku mutakapopata makuta, wekeni vana. Bornfonteni bila vana ni kama nyumba bila mlango.

Fungua robine mpaka maji yote itoke. Uiache wazi hivyo. Usiifunge tena, utaona kwa nini. Kamata kle, shika kichwa cha robine pale penye pembe sita, zungusha kwa mkono wa kushoto. Kama inakataa, mtu mwingine ashikilie tiyo kwa kle ya pili. Tumeona tiyo ikivunjika ndani ya ukuta sababu fundi alikuwa peke yake na haraka. Kichwa kikitoka, mpira utauona kwenye ncha. Mara nyingine unashikwa na bulo ndogo, mara nyingine umesukumwa tu ndani.

Tosha mpira wa zamani na uende nao sokoni, usiende na maneno tu. Robine nyingi za hapa ni za nusu inchi, zenye mafundi wanaita 15/21, au za robo tatu, 20/27, na mpira wa moja hauingii vizuri katika nyingine. Ukikosa mpira, unaweza kukata kwa kisu kikali kipande cha gurudumu la zamani au ngozi nene, kwa kipimo kile kile. Hiyo ni dawa ya majuma machache, si ya mwaka. Mpira wa ndani wa baiskeli ni laini mno, usijisumbue nao.

Mbele ya kurudisha, ingiza kidole ndani ya robine na kupapasa kiti. Kikiwa laini pande zote, vizuri. Ukisikia mkwaruzo au shimo, mpira mpya utadumu siku chache tu. Kuko chombo cha kusugua kiti na mafundi wengine wanacho. Bila hivyo, ni heri kununua robine mpya sasa kuliko kununua mipira mitano kwanza. Futa mchanga kwa kitambaa safi, weka mpira, rudisha kichwa. Na hapa ndipo ile ya kuacha robine wazi inasaidia: mti ukiwa juu, mpira hausagwi unapokaza kichwa. Kisha fungua vana polepole, maana maji ikija kwa kishindo inapiga tiyo. Acha maji itoke mpaka iwe safi kabisa, ndipo mufunge robine, kwa vidole tu.

Kama maji haitoki mdomoni bali shingoni, chini ya mkono wa robine, ugonjwa ni mwingine. Kaza kidogo ile bulo ya shingo, robo ya mzunguko inatosha. Ikiendelea, ifungule, zungusha tefloni kwenye mti na ukaze tena. Na robine za mkono mmoja, zile zenye kufunguka kwa robo ya mzunguko, hazina mpira wa kubadilisha namna hii. Hizo zikichoka, mara nyingi zinabadilishwa zote.

Tuseme pia juu ya kuvuja kwenye hakuna mtu anakuona. Tone la mdomoni linapoteza maji, lakini uchafu hauingii kwa urahisi, sababu mdomo uko hewani. Tiyo yenye kuvuja chini ya ardhi iko mbaya zaidi. Maji ikiwa na nguvu, inatoka. Maji ikikatika, tiyo inakuwa tupu na inaweza kuvuta maji ya matope pale pale ilipokuwa inavujia. Ikirudi, mtu wa kwanza anachota ile. Vilevile mpira mrefu uliofungwa kwenye robine na kuachwa ndani ya beseni au ndani ya mfereji: uutoe kila unapomaliza. Na kila penye ardhi inabaki mbichi wakati wa kiangazi, chimbeni muangalie.

Wengine walituuliza juu ya dushi ya umeme, yenye kuko katika nyumba fulani za mjini. Kudondoka kwa dakika chache kisha kuoga ni maji iliyobaki ndani, si ugonjwa. Ikiendelea saa nzima, angalia kama matundu ya kichwa yameziba kwa chokaa. Yasugue, na uyaloweshe ndani ya siki. Maji ikikosa njia ya kutoka, inasukuma, na inaweza kupasua kizuizi kidogo ndani ya kasha chenye kazi ya kuachia nguvu. Lakini kasha lile halifunguliwi na mtu mwenye haraka: umeme ukatwe kwanza kwenye kontere, si kwenye swichi ya dushi tu, na afungue fundi wa umeme. Umeme wa Kalemie, wenye unatoka Bendera, unakatika na kurudi bila kutoa habari. Mtu anayesema "umeme hakuna, tufungue tu" anacheza na maisha yake.

Turudi kwa koperative yetu. Komite ilinunua kle mbili, tefloni, mipira sita ya vipimo viwili na turnevisi. Viko ndani ya mfuko mmoja, na mfuko uko kwa mama mmoja anayekaa karibu na bornfonteni, si kwa prezida anayekaa mbali. Kila mwezi wanatenga kidogo ya makuta ya bidoni kwa ajili ya robine tu, na imeandikwa katika daftari tofauti. Robine haidondoki tena. Juu ya lengalenga, walichimba mfereji mdogo kutoka kwenye saruji mpaka kitaluni, ili maji yenye inamwagika wakati wa kujaza bidoni iende kule. Tulipopita mara ya mwisho mama yule alituuzia mafungu mawili. Bata pia wako.