Picha Kuukuu za Mlima Elgon na Kosa la Kuziita Echingi

Swali ambalo wenye picha kuukuu za mandhari katika Kitale na Bungoma huenda wakaliuliza ni kama ukurasa walionao, uliobanduliwa katika kitabu cha msafiri wa karne ya 19, ni echingi iliyochongwa na msafiri mwenyewe akiwa miguuni pa Mlima Elgon. Swali hilo limekosewa tangu msingi wake, na kulijibu kwa "ndiyo" ili kumridhisha mwenye picha ni kueneza uongo.

Echingi ni chapa ya bamba la shaba lililopakwa nta, ambalo msanii hulikwaruza kwa sindano hadi shaba itokeze, kisha hulitia katika tindikali inayotafuna mikwaruzo hiyo peke yake. Baadaye wino hujazwa katika mifereji iliyochimbika, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Herufi za chapa hufanya kinyume, kwa maana hubeba wino kwenye nyuso zao zilizoinuka, na ndiyo sababu echingi na maandishi haviwezi kuchapwa kwa pamoja katika mtambo mmoja. Picha iliyokaa katikati ya aya za kitabu, basi, haielekei kuwa echingi, hata ikiwa na umri wa miaka 140.

Wachapishaji wa London walikwepa kikwazo hicho kwa chapa ya mbao, yaani picha iliyochongwa kwenye kipande cha mti mgumu kilichokatwa kukingama na nyuzi zake, ambacho huchapwa sambamba na herufi. Msafiri Joseph Thomson, aliyeyaona mapango ya Elgon mwishoni mwa mwaka 1883, alirudi Uingereza na michoro na picha za kamera, na kitabu chake, Through Masai Land, kikatoka mwaka 1885. Katika kazi za aina hiyo mchoraji wa karakana alikuwa akiisanifu upya picha ya msafiri, kisha mafundi, ambao pengine waligawana vipande vya mbao ile ile, wakaichonga bila kuwahi kuiona Afrika. Kwa hiyo anayeishika picha ya namna hiyo kama ushahidi wa mahali msitu ulipoishia, au wa umbo la vibanda vya kale, anaitegemea mikono ya watu waliozoea kuchora miti na nyasi za kwao, na hoja yake haina nguvu mpaka ilinganishwe na maandishi na masimulizi ya wenyeji.

Imani kwamba picha hizi ni echingi yaelekea ilipata nguvu kwa sababu echingi ya mandhari ya mashambani ilistawi kwelikweli Ulaya wakati huo huo: wachoraji Daubigny na Millet waliifanya Ufaransa, chama cha wachora echingi kikaundwa Paris mwaka 1862, na Seymour Haden, aliyeanzisha chama kama hicho London mwaka 1880, alikuwa akichora bamba lake nje, mbele ya mto au shamba lenyewe. Lakini echingi hizo ziliuzwa hasa kwa wakusanyaji wa sanaa; hazikuwa za kupamba vitabu vya safari.

Mwenye picha na aitazame kwa lenzi: alama ya bamba iliyobonyea kuzunguka picha, pamoja na mistari ya wino iliyoinuka kidogo, huashiria echingi au nakshi ya shaba, mistari myeupe iliyokatwa ndani ya weusi huashiria mbao, nukta zilizojipanga huashiria nakala iliyotolewa kwa njia ya kamera. Ageuze karatasi kutafuta maandishi ya nyuma, asikate kingo, asiisugue kwa limau wala dawa ya kung'arishia nguo, asiitundike juani, na akishindwa awaonyeshe wataalamu wa Makumbusho ya Kitale kabla ya kuiuza.