Vinasaba vya kipindupindu na dawa iliyosalia

Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa kwanza na maji: ORS kwa anayeweza kunywa, dripu kwa aliyezidiwa. Antibiotiki hufuata kwa wenye hali mbaya, ili kupunguza kuhara na siku za kutoa vimelea kwenye kinyesi. Dawa zinazopendekezwa ni tatu tu: doksisaiklini, azithromaisini na siprofloksasini.

Bakteria wa ugonjwa huu, Vibrio cholerae, ana takriban herufi milioni 4 za DNA katika kromosomu mbili. Tukizisoma zote tunajua ukoo wake na usugu aliobeba. Usugu huo humfikia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni badiliko dogo: herufi moja ikibadilika mahali maalumu kwenye jeni ya gyrA, siprofloksasini haikishiki tena vizuri kimeng'enya inachokilenga. Ya pili ni plasmidi, kipande cha DNA cha duara ambacho bakteria humpa mwenzake wakigusana. Plasmidi moja hubeba jeni nyingi za usugu. Mojawapo, mphA, hutengeneza kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye azithromaisini, na dawa ikaisha nguvu.

Usugu huu umeshatufikia Afrika Mashariki. Mlipuko wa Yemen ulipoanza mwaka 2016, dawa nyingi bado ziliwaua bakteria wake. Waliochukuliwa kwa wagonjwa mwaka 2018 na 2019 walikuwa na plasmidi ya usugu. Mwishoni mwa 2024, watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa na wenzao walieleza kuwa aina hiyo, sugu kwa dawa 10 zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini, ilionekana Lebanon 2022, Kenya 2023, kisha Tanzania, Komoro na Mayotte 2024. Kati ya zile tatu, ilibaki doksisaiklini.

Kwa kuwa jeni za plasmidi husafiri pamoja, kutumia ovyo dawa moja huwapa nafasi bakteria wanaozishinda zote. Kugawa vidonge kwa kijiji kizima wakati wa mlipuko, au kumeza nusu dozi ya dukani, ni kuwachagulia wale sugu. Antibiotiki zibaki kwa wanaozihitaji, na maabara zetu zisome jenomu mlipuko ukiwa bado unaendelea ili daktari apate majibu kabla hajabadilisha dawa. Hata doksisaiklini iliyosalia iko hatarini: jeni za kuzuia tetrasaiklini, jamii yake, tayari zimejaa kwa bakteria wengine wa utumbo. Maji safi na vyoo bora ndivyo vitakavyowanyima hao nafasi ya kukutana na wale wa kipindupindu.