Sanduku la Huduma ya Kwanza Hutoka Jikoni

Katika mitaa ya Buyenzi, Kinama na Kanyosha, mjini Bujumbura, chakula cha nyumba nyingi hupikwa uani juu ya jiko la makaa, na watoto huchezea hapo hapo. Sufuria ya mafuta ya kukaangia ndagala ikipinduka, baba aghalabu yuko zamu, pengine kambi ya mbali. Mwaka 2024, mafuta ya magari yalipoadimika nchini Burundi, hata kupata gari la kumpeleka mgonjwa hospitali kulikuwa kazi. Muda huo wa kungoja ndio unaomhitaji mama mwenye sanduku lililo tayari.

Si lazima sanduku lenyewe linunuliwe. Kopo la bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana latosha. Ndani yake kwanza viwekwe vitambaa: shuka kuukuu la pamba likatwe vipande, vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe, vianikwe juani, vipigwe pasi na kufungwa katika karatasi safi. Kisha kipande cha sabuni, mkasi, chupa ya asali, chumvi, sukari na kijiko cha chai.

Asali ndiyo dawa ya heshima katika sanduku hili. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi na kuchapisha matokeo yake mwaka 2015 waliona kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina hupona upesi zaidi yakifungwa kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Lakini asali haitangulii. Maji ndiyo hutangulia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Hapo tena, kama jeraha ni dogo, lipakwe asali safi isiyochanganywa na sukari, lifunikwe. Jeraha la uso, la mkono, la sehemu za siri, au lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, lisipakwe kitu. Lifunikwe kitambaa safi tu na mgonjwa apelekwe kwa daktari. Mawese, dawa ya meno na samli, ambavyo majirani hukimbilia kuvileta kwa nia njema, huzuia joto lisitoke na humpa daktari kazi ya kuvikwangua.

Cha kufunikia chapatikana nyuma ya nyumba. Mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, nchini India, walichapisha habari za majeraha ya moto waliyoyafunika kwa majani ya migomba: jani halikugandamana na kidonda, kwa hiyo kulibandua hakukumtesa mgonjwa. Majani yao yalisafishwa kwa mvuke hospitalini. Mama wa nyumbani alichemshe la kwake, alipoze, ndipo alitumie.

Chumvi na sukari ni kwa ajili ya kuharisha. Mwambao wa ziwa Tanganyika unakijua kipindupindu tangu zamani, na Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza tena mlipuko wake. Katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vitiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi, humdhuru mtoto. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akawanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari; vifo vikapungua sana. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo hata akiwa njiani kwenda hospitali.

Umuravumba, unaooteshwa kando ya nyumba nyingi, una sifa yake. Watafiti wa Butare, Rwanda, walikuta katika majani yake, miaka ya 1980, kitu kinachoua vijidudu. Hayo yalikuwa ya maabara. Kidonda kibichi kisisindiliwe majani yaliyopondwa, kwa maana udongo huingia pamoja nayo.

Kitu kimoja kisiwekwe kabisa: jiwe jeusi la nyoka. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na haunyonyi sumu. Aliyeumwa na nyoka katika mashamba ya mpunga ya bonde la Rusizi avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, wala kisichanjwe wala kubanwa kwa kamba, kisha abebwe upesi mpaka hospitali.

Sanduku litundikwe juu, mkono wa mtoto usifike. Asali isinyweshwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Vitambaa vikitumika vichomwe, na vingine vichemshwe jioni hiyo hiyo. Jani la mgomba halihifadhiwi. Hukatwa siku linapohitajiwa.