Peptidi: jina moja, dawa nyingi, na dhana zinazopotosha

Katika mitandao ya kijamii, vichupa vidogo vya unga mweupe vinauzwa kwa jina la peptidi. Wauzaji huvinadi kuwa hupunguza uzito, huponya maumivu ya viungo na hurudisha ujana. Wakati huohuo, wapo wagonjwa wa kisukari wanaoikwepa sindano ya insulini kwa kudhani kuwa anayeanza kudungwa amefika ukingoni mwa maisha. Mambo haya mawili yana uhusiano, kwa sababu insulini nayo ni peptidi. Hatari, basi, ni ya pande mbili: kuamini kisichothibitishwa na kuogopa kilichothibitishwa.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani chembe zilezile zinazojenga protini. Mwili wenyewe hutengeneza peptidi nyingi, zikiwemo homoni zinazopeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Sumu za baadhi ya konokono wa baharini ni peptidi pia. Neno hilo hueleza umbile la kitu tu, wala halisemi kama kitu hicho kinatibu au kinaua.

Dhana ya kwanza: ni tiba mpya

Mwezi Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akidhoofishwa na kisukari alidungwa insulini. Kabla ya hapo, mtoto mwenye maradhi kama yake alikuwa na muda mfupi tu wa kuishi. Mwaka 1953, mwanakemia wa Marekani Vincent du Vigneaud alifaulu kutengeneza maabara homoni ya oksitosini, yenye asidi amino 9 tu, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hadi leo akina mama hudungwa oksitosini mara baada ya kujifungua ili wasivuje damu nyingi.

Insulini hudungwa kwa sababu nyepesi kueleweka: ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage. Sindano, kwa hiyo, ndiyo njia ya kuifikisha dawa katika damu ikiwa nzima. Si hukumu ya kifo.

Dhana ya pili: kilicho cha asili hakidhuru

Hoja hii huvutia, kwani ni kweli kwamba dawa nyingi za aina hii huiga homoni za mwili. Lakini kipimo ndicho kinachoamua. Insulini inayookoa maisha, ikizidi, hushusha sukari ya damu hadi mtu akapoteza fahamu na hata kufa.

Semaglutaidi, inayouzwa kwa majina kama Ozempic na Wegovy, huiga homoni ya utumbo inayoleta hisia ya kushiba. Majaribio kwa binadamu yamethibitisha kuwa hupunguza uzito. Hata hivyo, watumiaji wengi hupata kichefuchefu, kutapika au kuharisha. Tena faida yake haidumu daima: katika utafiti mmoja, washiriki walioacha dawa hiyo walirudisha, kwa wastani, theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja.

Dhana ya tatu: kilichomfaa panya kitamfaa mtu

Mfano ulio wazi ni BPC-157, yenye asidi amino 15, inayosifiwa kwa kuponya misuli na kano zilizoumia. Sehemu kubwa ya ushahidi unaotajwa imetokana na panya. Mwaka 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kuhatarisha usalama wa wagonjwa vikichanganywa katika maduka ya dawa.

Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, WADA, limeipiga marufuku tangu mwaka 2022. Kwa wanariadha wa Kenya, Uganda na Ethiopia, ambao mbio ndizo riziki yao, jambo hili si dogo. Kanuni humfanya mwanariadha awajibike kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata akiwa amekitumia kutibu goti tu.

Dhana ya nne: ilimradi kichupa kina jina, dawa imo

Mwezi Juni 2024, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia iliyogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zenye maabara nyingi zimepenyezwa dawa bandia, anayenunua kwa muuzaji asiyemjua mtandaoni ni kama anayeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Vichupa vingine huandikwa kuwa ni vya utafiti pekee. Maana ya maneno hayo ni kwamba havikukusudiwa kutumiwa na binadamu.

Hata dawa halisi huweza kuharibika. Oksitosini huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu, na jicho haliwezi kutambua.

Tatizo hilo ndilo lililosababisha kufanyika kwa jaribio kubwa la peptidi nyingine, kabetosini isiyoharibiwa haraka na joto. Karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, walishiriki. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa haipitwi na oksitosini katika kuzuia uvujaji wa damu wa mililita 500 au zaidi. Imani iliyonayo dawa hiyo imetokana na wanawake hao waliofuatiliwa na damu iliyopimwa. Haikutokana na sifa za muuzaji.

Kwa anayeshawishiwa kununua peptidi, maswali ya kuuliza ni machache. Je, imejaribiwa kwa binadamu, tena kwa maradhi hayohayo? Je, imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi? Imehifadhiwa vipi, na ni mhudumu gani wa afya atakayemfuatilia mtumiaji? Naye mgonjwa aliyeandikiwa insulini anashauriwa asiiache kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sindano anayoiogopa ni miongoni mwa peptidi zilizokwisha kujibu maswali hayo kwa zaidi ya miaka 100.